Udongo wa Kunda

Mshale wa mita ulipanda hadi wati mia mbili, ukatikisika kidogo, ukagoma. Nakijwa aliutazama kama mtu anavyomtazama mshenga aliyeahidi ng'ombe akaja na kuku. Zilihitajika wati mia nane, na amplifaya hii ya redio alikuwa ameishuhudia kwa macho yake ikitoa elfu nzima bila kuhema.

"Bado?" Mbonea aliuliza kutoka mlangoni.

"Bado, shemeji."

"Basi imechoka. Na yenyewe ina haki ya kuchoka."

Nakijwa aliendelea kuutazama mshale. Mbonea alikuwa mume wa dada yake, na amplifaya ilikuwa ya huyo dada, Eliwaha, ambaye walimzika nyuma ya nyumba mvua za vuli zilipoanza. Ukichungulia dirisha la kibanda cha redio uliliona kaburi, na baada ya kaburi shamba la tangawizi likiteremka mlima Shengena mpaka ukungu unapoanzia. Kila wiki Eliwaha aliketi kwenye kiti hiki hiki, akakaza kanga kiunoni, akawasha zile chupa mbili za kioo ambazo mafundi wa zamani waliziita valvu, akamwita binti yake aliyekuwa mbali kuliko mtu yeyote wa Upareni aliyewahi kusafiri. "Mkwe, wanipata? Mkwe, hapa nyumbani."

Binti mwenyewe ni Kunda. Alipewa jina la mama yake Mbonea, na mwanamke mwenye adabu zake hatamki jina la mama mkwe, hata likipachikwa kwa mtoto aliyemzaa kwa uchungu wake mwenyewe. Kwa hiyo Eliwaha alimwita "mkwe" tangu akiwa mchanga wa kunyonya, na mtoto akakua akiitikia. Sasa Kunda alikuwa ndani ya Tarishi, chombo cha Shirika la Safari za Mbali, akielekea kwenye miezi ya sayari ya Mshtarii, safari ya kumaliza ujana wa mtu. Hakuwa na habari kwamba mama yake amekufa. Ndivyo walivyoamini wote pale nyumbani.

Rafuni, kando ya valvu za akiba, lilikaa kopo la majani ya chai lililojaa udongo mwekundu. Siku ya maziko kila mtu wa damu alitupa konzi yake ya udongo kaburini, lakini konzi ya Kunda iliwekwa kando, maana katika ukoo ule mtoto hatupiwi udongo kabla hajapewa habari. Kumtupia asiyejua ni kumzika na yeye. Basi matanga yalikuwa hayajaanuliwa tangu vuli, wazee wakinung'unika, kopo likingoja.

*

Redio mpya zote zilikuwa na akili, na kila kilicho na akili kilikuwa na bwana wake. Ukitaka kurusha neno kwenda angani, redio ililiuliza Shirika kwanza, na Shirika lilikuwa na kitu lililokiita Kanuni ya Faraja: msafiri asipelekewe habari ya msiba. Habari hiyo ilizuiwa, na mahali pake mashine ilijifunza sauti ya marehemu kutoka kwenye simu zake za zamani, ikaendelea kumsalimia msafiri kana kwamba hakuna kilichotokea. Ndugu waliobaki nyumbani walipelekewa nakala, eti nao wafarijike.

Amplifaya ya valvu haikuwa na akili hata ya kuku. Unaipa sauti ndogo, inakurudishia kubwa, basi, haiulizi inasemwa nini. Nayo ilizungumza na Sikio. Sikio ni kipokezi ambacho wapenda redio wa zamani walikijenga mwezini, na walikifanya mkaidi kwa makusudi ili kisiamshwe na kila kelele ya dunia: kilizinduka tu kikisikia mawimbi yenye nguvu. Kikizinduka, kilipeleka maneno yako mpaka kwa chombo na kukuletea majibu. Kisipozinduka, mlango umefungwa huku na huku.

Na leo ndiyo ilikuwa siku yake ya mwisho. Shirika lilikuwa limetangaza, kwa ile lugha tamu ya kuzika kitu, kwamba Sikio litazimwa mwezi utakapozama. Mwezi wenyewe ulikuwa juu ya mlima mchana kweupe, umepauka, tayari umeanza kuinama upande wa magharibi.

"Si uiache tu, shemeji," Mbonea alisema. "Umeshajaribu. Hakuna atakayekulaumu."

"Mpare akishika kesi?" Nakijwa alisema bila kugeuka.

Mbonea alitabasamu kidogo, tabasamu la kulazimishwa. "Haachi mpaka hakimu akimbie."

"Haya. Niletee chai."

Nakijwa alizima umeme. Akachukua fimbo kavu yenye waya nchani, akagusa nayo vyuma vya ndani, na cheche moja ikaruka kwa mlio wa kofi, umeme uliokuwa umejificha mle ndani ukiaga. Kisha akaupeleka mkono wa kushoto mgongoni na kufanya kazi kwa wa kulia peke yake. Hilo alifundishwa na Eliwaha. "Mkono mmoja kazini, mmoja mgongoni kama umebeba mtoto," Eliwaha alikuwa akisema, kwa sababu umeme unaoingia mkono huu na kutokea mkono ule unapitia moyoni. Maskini dada yangu, aliwaza Nakijwa, ulijikinga na umeme maisha yako yote, ukaja kuuawa na homa ya mapafu.

Umeme wa nyumba, uliotoka kwenye mtambo wa maji wa kijiji, alishaupima asubuhi, ulikuwa mzima. Volti za juu hazikuyumba hata alipoibana mashine ifanye kazi. Alitoa valvu zote mbili akaweka za akiba, akasubiri zipate joto na kuwa na ule wekundu wa makaa. Mshale ulipanda, ukafika wati mia mbili, ukagoma palepale. Hapo alianza kushuku, maana valvu nne haziwezi kuzeeka siku moja. Aliichomoa antena na kuunganisha mashine na ndoo ya mafuta ambayo Eliwaha aliitumia kumeza mawimbi wakati wa majaribio. Mia mbili. Basi antena haina kosa. Alisafisha viguso vya rilei, ile swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme, kwa kipande cha karatasi, akazungusha vifundo vya kupangia mawimbi kwa vidole vya taratibu, kama anayetafuta stesheni ya mbali. Mia mbili, na ndoo ikaanza kunuka mafuta ya moto.

Mbonea alirudi na chai. Alimpa Nakijwa kikombe, na kabla hajarudisha mkono, simu iliyokuwa mfukoni mwa shati lake ilitoa mlio wa kengele ndogo. Alijaribu kuiziba kwa kiganja, kiganja kikaifungua.

"Kunda mwanangu," ilisema sauti ya Eliwaha. "Hujambo huko? Sisi huku hatujambo. Leo nimepika makande, nikakukumbuka unavyochagua maharage na kuacha mahindi. Baba yako anakusalimu sana..."

Kikombe kilimponyoka Nakijwa. Ilikuwa sauti yake, na mkwaruzo wake, na ile pumzi ya mtu aliyepanda mlima. Kulikuwa na kitu ndani ya maneno yale kilichomkwama kama punje ya mchanga kwenye wali, lakini hakupata nafasi ya kukitafuta, maana machozi yalishamfika kidevuni.

"Zima," alisema. "Zima, shemeji, nakuomba."

Mbonea aliizima. Akainama kuokota vigae vya kikombe, akaviokota kwa muda mrefu kuliko wingi wake.

*

Kulia hakutengenezi redio. Nakijwa alijifuta uso kwa upindo wa kanga, akarudi kwenye mita.

Amplifaya ilikuwa na mita nyingine mbili ambazo mtu mwenye haraka hazitazami. Moja huonyesha valvu inafanya kazi kiasi gani, nyingine huonyesha inalishwa kiasi gani. Valvu iliyochoka hula ikashiba na kazi haifanyi, na Nakijwa alitegemea kuona hivyo. Lakini mishale yote miwili ilikuwa chini. Valvu hizi hazikuwa zimechoka. Zilikuwa na njaa.

Na chakula chao kilitoka kwenye redio ndogo ya zamani iliyokaa kando, ikitoa wati sitini. Alishazipima nyuma ya redio ile mara ya kwanza kabisa, zikawa kamili, akaridhika. Sasa aliona upuuzi wake. Alikuwa amepima chunguni, hakupima sahanini. Kati ya chungu na sahani palikuwa na waya mmoja mnene mweusi, urefu wa mkono, ambao hakuna aliyeutilia shaka kwa sababu waya hauna la kufanya ila kupitisha.

Aliushika. Ulikuwa baridi, baridi, baridi, halafu katikati, chini ya tepu nyeusi, ukawa moto wa kumfanya aondoe vidole.

Tepu ilikuwa mpya. Ilizungushwa vizuri, kwa ustadi, lakini ilizungushwa kinyume, kama azungushavyo mtu wa mkono wa kushoto. Nakijwa alifahamu watu wengi wa mkono wa kushoto, ila kwenye nyumba hii alikuwapo mmoja tu. Aliichana kwa kisu. Ndani mlilala kijichuma cha duara, kipunguzi, kifaa ambacho kazi yake ni kula nguvu na kuitema kuwa joto. Kwenye wati sitini kilikuwa kikiachia wati chache za kuonja.

"Shemeji," alisema.

"Naam."

"Hii tepu uliizungusha lini?"

Mbonea hakujitetea, na hilo lilimuuma Nakijwa kuliko kama angebisha. Aliketi juu ya ndoo ya mafuta, akainuka upesi maana ilikuwa bado moto, akasimama tu, mikono ikining'inia.

"Wiki ile ya maziko," alisema. "Nilikitoa kwenye boksi lake. Yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha kukifunga, anapojaribu mashine bila kusumbua watu. Nilijua utakuja. Nilijua hutaiacha."

"Kwa nini usiniambie tu hutaki?"

"Ningekwambia ungenishinda. Nani amewahi kukushinda kwa maneno? Chombo kile cha kabla ya Tarishi, si ulisikia? Kijana wa watu aliambiwa mkewe amefariki. Alifungua mlango wa nje, Nakijwa. Na hakufa peke yake. Mimi nimezika mke. Mwana nikimpoteza huko, hata wa kumzika sina."

"Na ile sauti?"

Hapo uso wa Mbonea ulivunjika. Alilia kama wanavyolia wanaume waliokatazwa kulia toka utotoni, bila mtindo, makamasi na machozi pamoja. "Inakuja mchana, inakuja na jioni," alisema. "Najua si yeye. Mtu mzima na akili zangu, najua. Lakini kila siku nakuta nimeandaa vikombe viwili."

Nakijwa alikaa kwenye kiti cha dada yake. Alikuja nyumba hii akiwa na hasira ya haki, na sasa haki ilikuwa imemponyoka kama sabuni majini. Kama Kunda akiambiwa na akafungua mlango, nani atabeba damu hiyo? Na kama asipoambiwa? Nje, mwezi ulikuwa umeshagusa miti ya mlimani. Hapakuwa na mzee wa kumkimbilia wala muda wa kukimbia.

"Shemeji, na wewe una umri gani?" aliuliza mwishowe.

"Unaujua."

"Tarishi inarudi, kama inarudi, baada ya miaka mingapi? Tuseme ukweli. Utakuwapo? Mimi nitakuwapo?" Alizungumza kwa upole, maana alikuwa akimkata mtu anayempenda. "Ukifa watamwekea na sauti yako. Nikifa, na yangu. Siku atakayorudi atashuka Same akiwa na zawadi za watu watatu. Atapanda mlima. Jana yake tu tulikuwa tunaongea naye. Atafika hapa akute makaburi matatu yaliyoota nyasi, halafu aanze kuhesabu ni miaka mingapi alikuwa anaongea na mashine. Siku hiyo nani atamshika mkono?"

Mbonea alilitazama kopo la rafuni.

"Mimi nitaunganisha waya," Nakijwa alisema. "Kusema, utasema wewe. Wewe ndiye baba. Usiposema, mwezi uzame, na sitakulaumu mpaka nakufa."

*

Waya mtupu, bila kipunguzi, uliingia mahali pake kwa mlio mdogo. Nakijwa alirudisha antena, akaielekeza kwenye mwezi uliokuwa ukichungulia kati ya miti, akabonyeza kitufe cha kurushia. Mshale ulipita mia mbili bila kusimama, ukapita mia nane, ukaenda kulala kule elfu alikoulaza Eliwaha. Taa ya kibanda ilififia kidogo kwa ule uzito. Kitambo kidogo baadaye spika ilitoa mluzi mwembamba wa Sikio, likizinduka kwa mara ya mwisho.

Alimsogezea Mbonea kipaza sauti, akaweka mkono begani mwake.

Mbonea alikibana kipaza sauti mkononi. Mtu atamwambiaje mwanawe? Kisha akasimama wima, akavuta pumzi, akaanza kwa maneno ambayo watu wa nchi hii huyatumia redioni kwa wafu wao tangu zamani, kwa sababu maneno yale yalishabebwa na wengi, na yeye peke yake asingeweza kubeba mengine.

"Ndugu Mbonea wa Shengena," alisema, "anasikitika kutangaza kifo cha mkewe mpenzi, Eliwaha. Alifariki nyumbani kwake baada ya kuugua kwa muda mfupi. Maziko yameshafanyika. Habari hizi zimfikie..." Sauti ilikatika. Akaishika tena. "Zimfikie binti yake, Kunda, popote alipo. Mama, umenisikia? Nisamehe, mama. Nilichelewesha mimi."

Aliachia kitufe. Sasa kulikuwa na ule ukimya wa njia ndefu, muda wa maji ya chai kuchemka kwenda na mengine kuchemka kurudi. Hawakuchemsha chai. Waliangalia mwezi ukishuka nyuma ya miti. Mbonea alishika ukingo wa meza, na midomo yake ikawa ikicheza, anaomba au anahesabu, Nakijwa hakumuuliza.

Spika ilikwaruza.

"Baba, shikamoo. Mama mdogo, najua upo hapo, shikamoo." Ilikuwa sauti ya mtu aliyejikaza. "Nimepata habari. Baba, sikiliza kabla ya yote. Mlangoni sipo. Nimekaa katikati ya wenzangu, wamenishika. Nalia, lakini nimeshikwa."

Mbonea aliachia ukingo wa meza.

"Nilijua, baba. Nilijua toka salamu ya kwanza. Aliniita Kunda. Mama hajawahi kuniita Kunda tangu anizae. Hata siku ile alipoungua na mafuta hakuniita Kunda. Walichukua sauti yake kwenye simu, wakasikia anamtaja mkwe, mkwe, nadhani wakafikiri ni mtu mwingine. Wiki iliyofuata mashine ikaniuliza, mkwe wangu hajambo?"

Punje ya mchanga. Nakijwa aliiona sasa, akajipiga paja.

"Nilisikia," Mbonea alimnong'oneza. "Na mimi nilisikia siku ya kwanza. Nikajifanya sikusikia."

"Nikawa nalia chooni," Kunda aliendelea, "halafu natoka naijibu. Naiambia habari za chakula, za usingizi. Wenzangu waliniambia nakala zinakufikia. Nikajua jioni umekaa hapo unamsikiliza. Nikasema nikiacha kujibu wataizima, na baba atafiwa mara ya pili. Basi nikaendelea. Kwa ajili yako, baba."

Mzee wa watu alikaa chini kwenye sakafu ya kibanda. Miezi yote ile baba alikuwa akimficha mwana, mwana akimficha baba, na katikati yao mashine ikitoa salamu.

Mluzi wa Sikio ulianza kuchakaa. Mwezi ulikuwa umebaki ukingo.

"Najua njia itakatika wakati wowote," Kunda alisema haraka. "Udongo wangu je? Najua mmeniwekea. Mimi huku ninao kidogo, ule mama aliofungia kipande cha tangawizi cha kuja nacho. Nimeutupa sasa hivi mliponiambia. Haukuanguka. Huku hakuna chini, baba. Umesimama mbele ya uso wangu, unazunguka tu, nimeutupa na hauendi popote. Mama mdogo, nitupieni huo wa huko. Nitupieni ninyi, nataka uangu..."

Spika ikabaki na mvumo mtupu. Nakijwa alingoja, akabonyeza, akaita. Mshale ulipanda mpaka elfu kama kawaida yake, na hakuna aliyejibu. Alizima valvu. Wekundu wao ulikawia kidogo, ukaisha.

Walitoka nje pamoja, Nakijwa akiwa na kopo, Mbonea akijishikiza ukutani. Nyuma ya nyumba udongo wa kaburi ulikuwa umeshikana kwa mvua na magugu machanga yalikuwa yameanza kuota pembeni. Waliposimama, simu iliyokuwa mfukoni mwa Mbonea ilitoa mlio wa kengele ndogo. Aliitoa, akaitazama, akaishika tu mkononi huku ikilia, mpaka ikanyamaza yenyewe.

"Tupa, shemeji," alisema.

Nakijwa alifungua kopo, akajaza kiganja. "Dada," alisema, "huu ni wa Mkwe. Ameshajua."

Akafungua vidole. Udongo ukaanguka.